Viinitete Vilivyochelewa

Chapchap alikuwa ameshaiinamia sahani yangu pale maabara. Kazi yake ya kila asubuhi ni kufyonza mayai ya samaki yaliyokufa kabla hayajachafua maji, na jina lile hakupewa bure. Alitazama kwa hadubini, akatazama picha ukutani inayoonyesha kiinitete kinavyotakiwa kuwa kila saa. Vya sahani ya jirani vilishaota mkia na macho. Vyangu vilikuwa donge tu juu ya kiini cha yai.

"Pole, bibi harusi. Hawa wameshatangulia."

Huniita hivyo kwa kuwa siongei.

Nilimwomba aniachie. Akacheka, akamwambia Profesa aliyekuwa akiingia kwamba nabembeleza maiti. Profesa akasema, kwa upole, kwamba utaratibu ni utaratibu. Majike waliotaga mayai yale walikuwa wa mwisho wa uzao wao. Yakimwagwa, kazi yangu yote imekwenda na maji.

Kiinitete huanza maisha bila amri zake. Hutumia RNA, nakala za amri kilizoachiwa na mama ndani ya yai, na nyingi kati ya hizo zina alama ndogo ya kemikali inayosema: ukishanitumia, nifute. Samaki wangu walikosa protini ya kuisoma alama hiyo. Maneno ya mama yalikuwa hayaondoki upesi, na jeni za mtoto zilikuwa bado zinangoja zamu.

Hayo yote nilikuwa nayo kooni. Mkono wa Chapchap ulikuwa unashuka.

"Mama," nilimwambia Profesa, "picha ile ni ya watoto waliokwisha kufutiwa maneno ya mama zao. Hawa bado. Tukiwapima kwa saa ile, tutawaua sisi."

Chapchap alinitazama kama aliyesikia kabati likisema. Profesa akavua miwani, akainama, akakaa kwenye lenzi muda mrefu.

"Yaliyokufa hupauka," alisema mwishowe. "Mengi humu bado ni maangavu. Chapchap, toa meupe tu. Mengine yakae."

Kesho yake baadhi yalikuwa yamepauka. Niliyatoa mwenyewe, taratibu. Katika yaliyobaki, mkia ulishaanza kuchomoza. Kiinitete kimoja nilikitazama hadi shingo ikaniuma. Moyo wake, mdogo kuliko nukta, ulipiga mara moja, ukasita, nami nikasahau kupumua. Kisha ukapiga tena.