Hatua Sabini za Marehemu Bura

Marehemu Bura aliacha karatasi moja ya daftari, iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu kwa sababu ile ya bluu ilikuwa imekwisha wino. "Marieta apewe ekari moja kuanzia barabarani kwenda juu, hatua sabini kwa sabini, hatua zangu. Shamba linalobaki ni la Hilary." Kijiji kizima cha Maretadu kinajua kwamba ekari ni hatua sabini kwa sabini. Hatua za nani, hakuna aliyewahi kuuliza.

Marieta hakuwa na tamaa ya shamba kubwa. Alitaka kaburi la mama yake liangukie upande wake, basi. Kaka yake Hilary alishatangaza kwamba zizi lake la mbuzi atalipanua kushuka chini, na kaburi "litasogezwa kidogo." Hilo neno kidogo lilimfanya Marieta asile siku mbili.

Siku ya kupima, Hilary alikuja na Nicodemo, fundi viatu. Nicodemo ni mtu mwema sana, ila urefu ulimpita pembeni. Aliinua mguu, akautua karibu palepale ulipotoka, huku akihesabu kama mtu anayesoma risala. Sabini ilipotimia, kaburi lilikuwa bado mbele yake, hatua nyingine hamsini za kwake.

"Sabini hiyo," Hilary akasema. "Pigeni kigingi."

Mwalimu Kissa, mwenyeji wa Mbeya anayefundisha hisabati pale shuleni, alikuwa amekuja na futi kamba kumsaidia Marieta.

"Ekari halali ni mita za mraba elfu nne na arobaini na saba," akasema. "Kila upande ni mita sitini na tatu na nusu, na kidogo."

Akapima, akainama kusoma, akapima tena. Kaburi lilikuwa kwenye mita sitini na sita.

"Samahani, dada Marieta. Nimepima mara mbili."

Marieta aliitikia kwa kichwa. Hata ekari ya serikali ilikuwa imemwacha mama nje.

Mzee Patriki, mwenyekiti wa kitongoji, aliomba ile karatasi. Aliisoma taratibu, kidole chini ya kila neno.

"Imeandikwa hatua zangu. Nicodemo, wewe ni Bura?"

"Hapana, mzee."

"Na hiyo kamba, mwalimu, ni Bura?"

Mwalimu Kissa alikiri kwamba siyo.

"Baba amekufa, mzee," Hilary akasema. "Hawezi kutembea."

"Najua, nilibeba jeneza. Sasa hapa nani anatembea kama yeye?"

Wote waligeuka kumtazama Marieta. Akaona aibu ileile ya utotoni. Alikuwa akimfuata baba yake shambani, akikanyaga ndani ya nyayo zake kwenye udongo mbichi, mpaka miguu ikazoea. Mama alimgombeza sana, kwamba binti akitembea hivyo ataolewa na nani. Watoto wakambandika jina la Bura, na likamfuata mpaka kanisani siku ya kipaimara. Aliyelianzisha ni Hilary.

"Haya, Bura," Nicodemo akasema, kwa mazoea tu. "Tembea."

Marieta alivua kandambili, akafunga mikono nyuma, akaanza. Mzee Patriki alihesabu. Kwenye sitini na saba kaburi lilikuwa limebaki nyuma yake, wala hakugeuka, asije akaharibu mwendo. Sabini ilimkuta kwenye zizi la Hilary, mguu mmoja nje, mwingine ndani, katikati ya mbuzi.

"Hatua zako ni ndefu mno," Hilary akasema.

"Siyo zangu," Marieta akasema.

Ndipo machozi yakamtoka. Alilia akiwa amesimama hivyohivyo, mbuzi wakimnusa kidole gumba, na mguu hakuuondoa mpaka Nicodemo alipoleta kigingi.