Nusu Saa ya Baba

Baba yangu anaishi barabarani. Trela lake hubeba nyama kwenda magharibi, na Alhamisi moja baada ya kuruka moja husimama kwenye kituo cha malori kule ng'ambo ya mto Platte, kwa sababu sheria inamlazimisha dereva apumzike nusu saa. Wengine wana baba wa kukaa naye mezani. Mimi nina nusu saa hiyo.

Bibi, aliyenilea tangu mama aondoke, humwokea kolache, vimkate laini vyenye plamu katikati, nami humpelekea vikiwa moto. Alhamisi ile unga ulikataa kuumuka. Nilipowasha gari, baba alikuwa ameshaegesha. Barabara ya mashambani imenyooka, mahindi kulia, mahindi kushoto, na mguu wangu ukawa mzito kwenye pedali ya mafuta.

Taa za bluu na nyekundu zikajaa kwenye kioo changu.

"Unakimbilia wapi, kijana?" aliuliza Kolar, naibu wa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa wilaya yetu.

"Kule ambako wewe unanichelewesha nisifike."

"Ala! Nilitaka kukuonya tu uende zako. Sasa nitakuandikia faini."

Akaandika taratibu, kama anachonga jiwe la kaburi. Nilipofika kituoni, pale trela linaposimama palikuwa na tone la mafuta tu, lililokuwa bado liking'aa. Kolache zilikuwa moto bado.

Baba alipiga simu kesho yake. Nikamwambia nitalipa faini yao, yaishe. Sikuzaliwa kubembeleza mtu.

"Usilipe hata senti," akasema. "Kulipa ni kukiri kosa, Colter. Na leseni yako ina doa tayari tangu kiangazi. Wakiongeza la pili wataichukua. Hapo utanijia na nini, na punda?"

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Nenda mahakamani. Vaa shati safi. Mwite hakimu Mheshimiwa. Sema ulichofanya, usitie chumvi. Halafu uombe darasa la udereva ili kosa lisiingie kwenye leseni."

"Nikaombe? Mimi?"

"Ndiyo, wewe, mfalme wa mahindi! Unadhani mimi nimekula miaka yote hii kwa kubishana na askari?"

Nikaikunjua karatasi ya Kolar. "Karatasi inasema mtoto aje na mzazi au mlezi."

Nilisikia matairi yakiunguruma upande wa pili.

"Bibi yako ni mlezi," akasema. "Nina mzigo, mwanangu."

Mahakama yetu iko hatua chache kutoka kanisani, tunakokwenda kwa miguu, na heri iwe hivyo, maana macho ya bibi hayaendeshi gari tena. Alivaa koti lake la Jumapili, akanishika mkono kana kwamba mimi ndiye nisiyeona.

"Ukifungua mdomo vibaya humo ndani," akaninong'oneza, "nitakuzaba kibao mbele ya bendera."

Nilikuwa nimejiandalia hotuba: upana wa barabara, utupu wake, woga wa askari anayejificha nyuma ya ghala la nafaka kuwinda wapita njia. Ilikuwa hotuba nzuri. Ilikuwa na mizani.

Hakimu Ostergaard alivua miwani. "Naibu anasema ulimwambia anakuchelewesha. Ulikuwa unachelewa wapi?"

Watu walijaa nyuma yangu, wawili kati yao wa darasani kwangu. Kolar mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni. Hotuba ikaruka kama ndege.

"Nilikuwa nachelewa kumwona baba yangu, Mheshimiwa," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, nikaichukia. "Huwa anapatikana nusu saa tu. Nilikwenda kasi, ndiyo. Na sikumkuta."

Hakuna aliyecheka. Kolar alitazama kofia yake. Nikaomba darasa, na hakimu akanipa: nikilimaliza bila kosa jingine, faini itafutwa. Lakini hadi hapo, niendeshe kwenda shule na kazini tu.

"Na kituo cha malori, Mheshimiwa?"

"Si shule, kijana." Alisema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko faini.

Bibi hakutoa kibao. Aliniminya mkono tu njia nzima.

Alhamisi ya baba iliyofuata, kwa kuwa kituo ni mbali mno kwa baiskeli, niliendesha yangu hadi kwenye daraja linalovuka barabara kuu, kolache zikiwa kifuani ndani ya jaketi. Trela la baba lina taa ya kijani juu ya kioo. Nilipoiona kwa mbali nikasahau umri wangu. Nikainua ngumi, nikaivuta chini, juu, chini, kama wafanyavyo watoto wa chekechea wakitaka dereva apige honi.

Akapiga. Honi ile ilianza mbali kule kwenye maghala na haikukoma. Malori yalimpita kushoto, moja likimzomea kwa taa, naye akazidi kupunguza mwendo, chini kabisa ya mwendo mdogo unaoruhusiwa na sheria, taa zake za hatari zikiwaka na kuzimika, ili apite chini yangu polepole kadiri trela linavyoweza.