Seva ya Chini ya Ngazi

Foleni ya kuombana radhi ilizunguka ukumbi mzima hadi kwenye masufuria ya ketupat, wali uliofungwa kwa majani. Kila baada ya Idi, wafanyakazi wa kampuni ile ya mabasi mjini Salatiga hupita mbele ya bosi, wakashikana mikono, makosa ya mwaka yakafutwa. Safari hii bosi mwenyewe, Pak Hardono, alishika kipaza sauti.

"Tuanze na dada Wening," alisema akitabasamu. "Abiria wetu walilala stendi. Aombe radhi, tumsamehe, tule."

Watu wakacheka. Wening, mtunza seva, hakucheka. Akilitamka neno la radhi mbele ya wote, kosa lingekuwa lake, na kila mwajiri wa mji ule angelisikia.

Mashine ya seva ilikuwa moja tu, chini ya ngazi ya ofisi, feni yake ikikoroma kama mlevi. Humo ilikaa tovuti ya kuuzia tiketi, na humo humo tovuti ya majaribio, zikigombea pumzi ile ile. Wening alikuwa ameomba mashine ya pili kabla ya Ramadhani.

"Nyumba moja inatosha wake wawili, wakielewana," Pak Hardono alimjibu.

Kisha, wiki ya watu kurudi makwao kwa Idi, bosi akaja kusimama nyuma ya kiti cha Wening. Alitaka kuona kama tovuti mpya, ile ya majaribio, ingehimili umati.

"Tuma abiria wa uongo, wajae. Bonyeza."

"Bosi, watu wananunua tiketi sasa hivi. Hawa wa uongo watawakaba wa kweli."

"Umeme nalipa mimi. Bonyeza."

Akabonyeza. Abiria wa uongo, waliotungwa na programu, wakafurika mashine nzima. Wa kweli wakakatika katikati ya kununua, tiketi zisitoke. Siku zilizofuata Wening alipokea simu tu. Mwanamke mmoja alipiga kutoka stendi, mtoto analia nyuma yake.

"Dada, basi langu liko wapi? Mama ananisubiri."

Wening alimwomba radhi yeye, na aliyefuata, na aliyefuata.

"Sema tu, shoga," Ratri wa dirisha la tiketi alimnong'oneza sasa, pale ukumbini. "Maneno ya sikukuu hayo. Mchuzi unapoa."

Wening alikwenda mbele, akapokea kipaza sauti. Pak Hardono alikuwa ameshanyoosha mkono ili ushikwe. Mkono ukabaki hewani.

"Abiria nimeshawaomba radhi," Wening alisema. "Wewe sikuombi."