Ovaroli za Karatasi

Mwezi Februari mume wangu Gerrit alitoka kuondoa theluji mbele ya nyumba, na moyo wake ukasimama hapo hapo. Tangu siku hiyo nimekufa ganzi. Sisemi hivi nionewe huruma. Watu wa kanisani walituletea tambi za kuoka wiki sita mfululizo, nikazila zote bila kujua kama zina chumvi.

Tatizo lilikuwa Alhamisi. Sisi ni familia saba hapa kwenye mji mdogo wa Zeeland tunaosomesha watoto nyumbani, na masomo tumegawana. Gerrit alikuwa na historia ya sanaa kwa wale wa sekondari, kila Alhamisi kwenye meza yetu ya jikoni. Lavonne, anayeongoza kikundi, aliniambia kwa upole kwamba nichague mtaala siku ya soko la vitabu vilivyotumika, mwezi Mei, la sivyo somo litafutwa. Binti yetu Annika naye alikuwa na sharti lake.

"Ukituletea yule bwana anayefundisha kwa video, Mama, Septemba nahamia shule ya serikali. Sitanii."

Nilimwambia sawa. Alinikodolea macho akisubiri nikasirike. Nilitaka kukasirika, sikujua pa kuanzia. Hilo lilinitisha: mtoto niliyemfundisha herufi mwenyewe anaaga, na mimi nawaza taulo za kukunja.

Siku ya soko, Lavonne alikuwa ameniwekea mitaala mitatu pembeni, kwenye ukumbi wa kanisa. Wa kwanza ulikuwa wa yule bwana wa video. Wa pili ulikuwa na majibu yote nyuma, hata mbuzi angeweza kuufundisha. Wa tatu aliusifu kwa kunong'ona, kwamba humo watu wote wamevaa.

Kwetu hilo si dogo. Kitabu cha sanaa kikiingia nyumbani, mama hukipitia kwanza na vikaratasi vya njano vya kunata, akiwasitiri miungu na malaika kabla watoto hawajakifungua. Gerrit alikuwa akinicheka kwa hilo. Yeye alikata picha za nguo kwenye vipeperushi vya maduka, ovaroli, makoti ya baridi, suruali za wavuvi, akawavalisha watu wote wa kitabu chake kikubwa. Kila vazi alilishikiza kwa seloteipu upande wa juu tu, na sheria yake ilikuwa moja: ukitimiza miaka kumi na sita, ruksa kufunua.

Annika alitimiza kumi na sita mwezi Machi. Wiki hiyo hiyo nilipakia vitabu vya baba yake kwenye maboksi nikavipeleka kanisani viuzwe siku ya soko, na hicho kikiwemo. Sikufikiria. Nilikuwa natoa vumbi kwenye rafu.

Nilikuwa nimeshauchukua ule mtaala wa tatu, ili yaishe, nilipomwona Annika meza ya mwisho na kitabu cha baba yake mikononi. Nilimfuata. Nusu ya kwanza ya kurasa ilikuwa na vikaratasi vya njano, vimenyooka vizuri. Lavonne alikuja nyuma yangu, akaelewa, akawa mwekundu kwa aibu.

"Nilidhani watoto wamekichezea, Doreen. Nikabandua vile vipande vya nguo, nikaweka vikaratasi vya heshima. Sikumaliza."

"Ulivyobandua viko wapi?" Annika aliuliza.

"Vilienda na takataka. Jumanne."

Annika alifungua nusu ya mwisho, akampata mtu wa marumaru aliyevaa ovaroli ya buluu, akaifunua. Nyuma ya ovaroli kulikuwa na maandishi ya Gerrit, kwa penseli. Miaka yote hiyo sikuwahi kufunua hata moja. Annika alisoma kwa sauti:

"Uzito wake uko mguu gani? Simama kama yeye kwanza, ndipo ujibu."

Aliweka kitabu mezani, akasimama hivyo, nyonga imetoka upande, katikati ya akina mama na vikapu vyao. Kisha akanitazama.

"Simama na wewe, Mama. Mimi sina uhakika."

Nikasimama. Nilijiona mjinga, mwanamke wa miaka arobaini na tisa mwenye sketi ya jinzi, nimekaa mkao wa sanamu. Lakini nilisikia uzito wangu, wote, ukishuka kwenye mguu wa kulia. Nilikuwa sijausikia tangu Februari.

"Wa kulia," nilisema.

Tulihesabu mavazi yaliyobaki, yakawa kumi na moja. Annika alisema maswali yaliyotupwa tutayatunga wenyewe, kisha akakishika kitabu kwapani kama mtu anayeogopa kuporwa.

Lavonne alinipa fomu ya kikundi. Kwenye nafasi ya mtaala niliandika kitabu cha nyumbani. Kwenye nafasi ya mwalimu mkono uliandika Gerrit, kama ulivyoandika miaka sita. Nililikata jina lake, nikaandika langu juu yake, na hapo ndipo iliponiuma.