Mwendo wa Arobaini na Mbili

Chiku alikuwa ameegemeza sikio kwenye ubavu wa kompyuta, macho ameyafumba, Eliakimu alipoingia dukani na chupa ya chai.

"Umelala au unaiombea dua?"

"Naisikiliza, bosi."

"Inasemaje?"

Tangu asubuhi ilikuwa ikisema jambo moja tu, mlio mwembamba usiopanda wala kushuka. Nje, Mtaa wa Aggrey ulikuwa umefurika. Spika ya muuza viatu ilirudia maneno yaleyale, wabeba mizigo wakiomba njia kwa miluzi. Ndani ya kasha kulikuwa na utulivu wake. Chiku aliona kama mle mna chumba kidogo chenye taa nyingi, na mtu mmoja asiyeonekana anakimbia toka ukuta hadi ukuta, hachoki.

Kompyuta ilikuwa kuukuu, ya miaka kumi na ushee, mali ya Twaha wa Buguruni anayehariri video za harusi. Prosesa yake, ubongo wa mashine, ilikuwa ya aina ile ambayo fundi anaweza kuiamuru ikimbie zaidi ya ilivyotoka kiwandani, mradi aijue vizuri. Ukiupandisha mwendo mno, inaganda. Ukiiongezea umeme ili isigande, inachemka. Katikati pana njia nyembamba, na kila prosesa ina yake.

Kwa miaka miwili Chiku alikuwa akifagia duka hilo na kufuta vumbi kompyuta za mtumba. Kazi hii Eliakimu alimwachia nusu kwa mzaha. "Ikikaa sawa, kigoda cha mezani ni chako, unakuwa fundi. Ikirudi, ufagio unajua ulipo."

Shule aliiacha darasa la tano. Kiingereza cha kwenye skrini alikijua kwa sura, kama watu wa mtaani unaowatambua kwa mwendo bila kujua majina yao. Namba zilikuwa rahisi zaidi. Aliziandika kwenye daftari la mistari, namba za mwendo wa prosesa. Thelathini na nne, mwendo wa kiwandani. Thelathini na nane, salama. Arobaini, salama. Arobaini na tatu, imeganda dakika ya sita. Arobaini na mbili, imeganda adhuhuri. Akaiongezea umeme, kidogo kama unyoya, akapaka pesti mpya ya kupoozea, akaanza upya. Siku tatu mfululizo aliipa kazi nzito toka duka linafunguliwa hadi linafungwa. Arobaini na mbili. Haikutikisika.

Siku ya kuichukua, Twaha alikuja na mama yake, Bi Husna, mama mnene mwenye sauti ya taratibu. Bi Husna alifungua mkoba akatoa kitambaa cha kufuma, cheupe, kina maua ya waridi pembeni.

"Hebu nishikie hapo, mwanangu, nipime."

Chiku akashika ncha. Wakakitandaza juu ya kasha, kikashuka mbele, kikashuka nyuma.

"Kimekaa, mama," alisema Chiku. "Kimependeza." Nyumbani kwa bibi yake, redio ilikuwa na kitambaa chake, televisheni chake, hata pipa la maji. Kitu cha thamani hakiachwi uchi.

Siku nne baadaye Twaha alirudi mikono mitupu, jasho linamtoka.

"Bosi, mashine yako inastaki. Naanza kutoa video, nusu saa haifiki, imeganda. Bwana harusi anasafiri kesho, ananipigia kila saa."

"Mashine yako au yangu?" Eliakimu alicheka kidogo, kisha akaacha. Akamtazama Chiku. "Ishushe. Thelathini na nne, ilivyozaliwa. Yaishe." Akauchukua ufagio, akauegemeza kwenye kigoda. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma Chiku.

"Naomba nikaione hukohuko ilipo," aliiambia sakafu. "Kama ni mwendo, nitaushusha mwenyewe."

"Wewe utaweza kuongea na watu?"

"Naenda kuongea na kompyuta."

Twaha akacheka. Eliakimu akainua mikono.

Walitembea kwa Barabara ya Uhuru, Twaha mbele, Chiku nyuma na daftari lake kifuani. Jua lilikuwa limekaa juu ya mabati kama maji yaliyotulia. Sauti za barabara zilimfikia kwa mbali, na ndani yake mtu wa kile chumba cha taa alikuwa bado anakimbia, ila sasa anajikwaa, anainuka, anajikwaa tena. Nilikosea wapi? Kila alipopepesa macho aliona namba: kwenye mlango wa nyumba, kwenye fulana ya muuza maji. Alizipita bila kuzisoma.

Sebuleni kwa Bi Husna kila kitu kilikuwa kimevaa. Makochi, stuli, friji, televisheni. Na juu ya meza ya Twaha, kompyuta, imefunikwa hadi kisogoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ni wewe uliyenishikia. Umeona lakini kilivyokaa?"

Twaha aliamsha kazi. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye skrini. Chiku alisimama, akasikiliza. Mlio haukuwa ule. Ulikuwa unapanda, unapanda, kama mtu anayeita kutoka ndani ya blanketi. Akapitisha mkono nyuma ya kasha, chini ya maua ya waridi. Palikuwa pa moto kama paji la uso la mtoto mwenye homa.

Akaviona vidole vyake mwenyewe pale dukani, vimeshika ncha ya kitambaa.

Angeweza kukaa, kubonyeza, kuandika thelathini na nne. Hakuna ambaye angeudhika. Kitambaa kingebaki, Bi Husna angebaki anatabasamu, na ufagio ungebaki pale pale. Kidole chake kilikwenda hadi kwenye kitufe, kikatulia.

"Mama," alisema. Akamshika Bi Husna mkono, akauingiza pole pole chini ya kitambaa.

"He. Mna nini humu?"

Chiku akakiinua kitambaa. Joto likatoka lote kwa pamoja, likawapiga usoni, likayumbisha pazia.

"Inapumulia kisogoni," alisema. "Tuliiziba. Mimi na wewe."

Bi Husna alikishika kitambaa ukingoni. "Mwezi mzima nimekifuma hiki," alisema.

"Najua, mama."

"Mama naye," Twaha akadakia, "siku nne namsema fundi wa watu, kumbe muuaji ndiye ninayekula ugali wake."

"Nyamaza, mpumbavu wewe. Kalete mkasi." Bi Husna alikitazama kitambaa dhidi ya mwanga, akakigeuza, akatazama nyuma ya kasha panapozunguka feni. "Pa duara," alisema, kama mtu anayepima shingo ya gauni. Akavaa miwani, akatoa sindano ya kufumia kifuani. "Nitaiwekea dirisha."

Mstari wa kijani uliendelea kutambaa. Nusu saa ikapita, ikapita nyingine. Bi Husna alikata, akafuma ukingo kuzunguka tundu, akakirudisha kitambaa juu ya kasha. Mlio ulikuwa umeshuka, mwembamba, umenyooka. Chiku alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, daftari limefunguka kwenye arobaini na mbili.

Simu ikaita. Eliakimu.

"Ehe? Umeishusha?"

Chiku akainuka, akaipeleka simu nyuma ya kasha, akaishikilia penye lile dirisha. Upande wa pili, spika ya muuza viatu ilikuwa inarudia maneno yake, kisha kikasikika kitu cha mti, kama mpini wa ufagio, kikianguka sakafuni, na kigoda kikivutwa hadi mezani.

Pembeni mwa tundu Bi Husna alikuwa amesahau uzi mmoja wa waridi. Upepo wa feni uliuinua, ukaunyoosha, nao ukabaki hewani, unatetemeka kidogo, haushuki.