Uchungu Nisiousikia

Mimba yangu ilipofika mwezi wa nane ndipo nilipoanza kuogopa, na sikuogopa bure. Kliniki kila mwanamke aliambiwa neno lile lile: ukisikia uchungu, njoo. Wenzangu waliitikia, wakapokea vidonge vyao vya damu, wakaenda zao. Mimi nilibaki kwenye kiti changu cha magurudumu nikamwuliza muuguzi, Sista Karambu, "Na asiyesikia uchungu aje lini?"

Akacheka. "Mukami, hakuna mwanamke hasikiangi uchungu wa kuzaa. Utasikia tu."

Nilikuwa darasa la tatu kifua kikuu kilipoingia kwenye uti wa mgongo wangu. Tangu siku hizo, kuanzia chini kidogo ya matiti hadi nyayoni, sisikii kitu. Niliwahi kuungua mguu kwa kaa la moto nikajua kwa harufu. Watu wa kwetu walishangaa nilipoolewa, wakashangaa tena niliposhika mimba. Niliwaacha washangae, maana ni burudani isiyo na kiingilio. Lakini swali langu halikuwa la kuchekwa. Mwili wangu ungeweza kuanza kuzaa mimi nikiwa nachambua ndengu, nisijue.

Tena kulikuwa na jambo la pili. Kitanda cha kupimia pale kituoni kilinifika puani nikiwa nimekaa. Wenzangu walikanyaga kijingazi cha chuma, wakalala chali, Karambu akawabonyeza tumbo akitafuta kichwa cha mtoto kilipo. Mimi sikuwahi kulazwa hata mara moja. Alinibonyeza nikiwa kitini, juu juu, kama anayechagua parachichi sokoni, kisha akamwambia mama mkwe wangu Teresia, aliyekuwa akinisukuma, "Mtoto yuko sawa." Alimwambia yeye. Mimi nilikuwa pale pale, na masikio yangu hayana kasoro yoyote.

"Kuna kitu kigumu hapa," nilimwambia, nikigusa chini ya matiti, ukingoni mwa mahali ninaposikia. "Ni mviringo. Nafikiri ni kichwa."

"Hiyo ni makalio," akamwambia Teresia. "Mwambie awache wasiwasi."

"Basi weka godoro chini nilale unipime."

"Sakafuni? Hapa ni hospitali, hatulazangi watu chini."

Nilirudi nyumbani na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu. Kuanzia siku hiyo nikajizoeza kukaa na viganja vyote viwili tumboni. Usiku mume wangu Nthiga aliamka akanikuta hivyo akaniuliza naombea nini. Nikamwambia sisali, nalinda zamu.

Nthiga ni dereva wa gari la muguka, yale majani ya kutafunwa kama miraa. Anapakia kwetu Mbeere, anateremsha Mombasa, na akiondoka haonekani haraka. Wiki ile, mimba ikiwa imeingia mwezi wa tisa, alikuwa njiani. Teresia naye alikwenda Embu, mtaa wa Dallas, kumwuguza dada yake, akaahidi kurudi jioni. Nikabaki bomani na baba mkwe wangu, Mzee Ngari.

Mzee Ngari ni mtu mwema, lakini kwetu kuna nthoni, ile heshima ya wakwe. Baba mkwe haingii nyumbani kwa mke wa mwanawe, hamgusi, hamtazami sana usoni. Mzee aliishika heshima hiyo kuliko anavyoishika Biblia yake, na Biblia yenyewe hakuiachia. Kiti changu kikikwama kwenye mchanga, yeye husimama mbali akapiga kelele mpaka jirani aje anikwamue. Tulizungumza kupitia upana wa ua, yeye chini ya ghala lake, mimi mlangoni pangu.

Siku hiyo baada ya chakula cha mchana nilihisi kichwa kinagonga. Jasho likanitoka usoni, vinyweleo vya mikono vikasimama ingawa jua lilikuwa linachoma. Nikaweka viganja tumboni. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Likalegea. Nikangoja, nikijiambia ni gesi, nikijiambia ni maharagwe ya jana. Likawa gumu tena.

"Baba!" nikaita. "Mtoto anakuja!"

Akainuka kwenye kigoda chake. "Unasikia uchungu?"

"Sisikii, baba."

"Basi bado." Akaketi tena. Aliketi kwa raha kabisa, kama mtu aliyepokea habari njema.

Simlaumu sana. Alikuwa ameambiwa na mkewe, aliyeambiwa na muuguzi, kwamba mwanamke husikia. Lakini tumbo liliendelea kukaza chini ya viganja vyangu na kichwa kikawa kinataka kupasuka. Nikaanza kulia. Nililia kwa sauti, bila aibu, nikamwambia kwamba mtoto huyu atafia ndani huku sisi tumekaa tunapunga nzi. Akasimama. Akaita majirani, lakini ilikuwa siku ya soko Gachoka na hakuna aliyeitika. Akaja hatua chache, akarudi, akaja tena. Mwishowe akazunguka nyuma yangu nisimwone.

"Kiti si mwili," akasema, nadhani akijiambia mwenyewe, akashika mikono ya kiti akaanza kusukuma.

Kituo cha afya hakiko mbali, lakini njia ni mchanga na mawe. Mzee alihema, akasukuma. Mimi nilihesabu pumzi za tumbo: likikaza nasema "sasa," likilegea nasema "limeniacha." Kila niliposema "sasa" mwendo uliongezeka.

Karambu alikuwa peke yake. Mwenzake alikuwa likizo, na mlinzi alikuwa amekwenda sokoni kama dunia nzima. Akanitazama, kisha akainua macho kwa mzee aliyekuwa nyuma yangu. "Anaskia uchungu?"

"Niulize mimi!" nikafoka. "Sisikii. Sitasikia hata nikizaa hapa mlangoni. Nilaze unipime."

"Sasa nitakuinua na nani, Mukami? Niko peke yangu. Mzee, si unisaidie?"

Mzee Ngari alikuwa ameshatoka nje. Alisimama kwenye jua, uso ameuelekeza barabarani.

"Huyo ni baba mkwe wangu," nikasema.

Karambu ni wa kutoka Meru, na huko nako nthoni ipo, hakuhitaji maelezo. Akauma mdomo. "Basi rudini nyumbani mngoje wa kuinua. Kama hakuna uchungu kuna saa bado."

Hapo nikafanya jambo ninalolifanya nyumbani kila siku na ambalo pale lilimshtua. Nilifunga breki za kiti, nikashika mkono wa kiti kwa kulia, nikaegemeza kushoto sakafuni, nikajishusha mpaka chini kwenye saruji. Nikalala chali miguuni pake.

"Pima," nikamwambia.

Kabla hajanijibu, maji yakamwagika. Sikuyasikia. Niliyaona yakienea kwenye saruji mpaka kwenye viatu vyake, na nikamwona jinsi alivyoyatazama. Akavuta godoro kitandani akaniviringisha juu yake, akavaa glavu, akapiga magoti.

Sasa sikilizeni. Mwanamke mwingine akipimwa anajua mwenyewe linaloendelea mwilini mwake. Mimi habari zangu zote nazisoma kwenye uso wa mtu mwingine. Niliusoma uso wa Karambu. Kwanza ulikuwa na haraka, kisha ukawa na mashaka, kisha damu yote ikauhama. Mkono wake ukatulia pale ulipokuwa.

"Ni nini?"

"Ametanguliza mguu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Na kamba ya kitovu imetoka mbele yake. Akishuka ataibana akose hewa. Nikitoa mkono ataibana." Akanionyesha ubavuni kwa kidevu. "Simu iko kwa mfuko wangu. Itoe."

Niliitoa mimi, nikabonyeza jina alilonitajia, nikamshikia sikioni akaomba ambulensi. Ilikuwa njiani ikirudi Embu kutoka Kiritiri, wakasema watageuza. Karambu akafumba macho kidogo, akayafumbua.

"Inapiga," akasema. "Kamba inapiga, naisikia kwa vidole. Lakini lazima kiuno kiende juu, kichwa kiwe chini, ndio uzito utoke. Unaweza kupiga magoti?"

Nikamtazama tu.

"Pole," akasema. Kisha akapaza sauti, "Mzee! Mzee ingia!"

"Siwezi kuingia hapo," mzee akajibu kutoka nje. "Wewe unajua siwezi."

"Hata kwetu iko, hiyo heshima naijua! Lakini huyu mtoto nimemshikilia na mkono mmoja, na hakuna mtu mwingine!"

Hakuingia. Nilisikia kuku akikwaruza ukutani. Hofu niliyoipata wakati ule sijaipata tena, na sitaki kuipata. Niliogopa kwamba mtoto wangu angekufa kwa sababu ya adabu. Kila mtu angekuwa na adabu yake safi, na mimi ningezika.

"Baba," nikaita. Sikupaza sauti, haikuwapo. "Njoo unishike."

Akaingia. Aliingia uso ameuinua kwenye mabati ya dari, akipapasa ukuta kama mtu aliyeingia gizani. Karambu akamwelekeza: piga magoti, ingiza mapaja chini ya kiuno chake, shika nyonga, inua, usiachilie. Mikono yake ikashika nyonga. Mimi sikuihisi. Niliona tu mwili wangu ukipanda, tumbo likija karibu na kidevu changu, na juu yake uso wa Mzee Ngari, macho ameyafumba kwa nguvu, machozi yakipenya hata hivyo.

"Inapiga," akasema Karambu.

Ambulensi ilipofika, dereva hakuuliza maswali. Walitubeba pamoja na godoro, kila mmoja akiwa amekwama kwa mwenzake, Karambu akitembea ameinama, mkono wake haujabanduka. Tukashika barabara ya Embu. Kila tuta lilinitupa, na kila liliponitupa nilimtazama yeye.

"Inapiga," alikuwa akisema. "Inapiga. Inapiga."

Tulipopita Gachoka akanyamaza.

Nilingoja. Nilimtazama vidole vya mkono mwingine, mdomo, jasho la juu ya mdomo. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza kitu cha mbali sana. Nilitaka kumwuliza na ulimi ukakataa. Ningeuliza, angejibu, na jibu likishatoka halirudi. Nikaona ni afadhali nisijue hadi Embu, nisijue hata mwaka mzima.

Ni mzee aliyeuliza. Akiwa bado amefumba macho, kiuno changu kikiwa mapajani mwake, akanguruma, "Mama, bado inapiga?"

Karambu akazidi kuinamisha kichwa.

"Nimekuuliza! Bado inapiga?"

"Kidogo," akasema. "Polepole sana. Dereva, endesha!"

Kutoka hapo sina la kusimulia ila taa za dari zikipita juu yangu katika hospitali kubwa, sauti za watu wengi, na kinyago cha dawa ya usingizi kikishuka usoni. Jambo la mwisho nililoliona ni Karambu akiwa bado amepiga magoti kwenye machela, mkono wake umekufa ganzi, daktari akimwambia, "Sasa toa, tumemshika."

Nilipozinduka Teresia alikuwa kando yangu. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Dallas, viatu mkononi. Nilimtazama usoni kwa jinsi ninavyotazama nyuso, nikamwona analia, nikakata tamaa. Kisha akainama akaniwekea kifuani mtoto wa kiume, mwekundu, mwenye hasira, anayepumua. Walikuwa wamempulizia hewa muda mrefu kabla hajakubali kulia. Mzee Ngari, alisema, yuko nje kwenye nyasi. Ameambiwa aje amwone mjukuu na amekataa kuvuka mlango wa wodi. Ametuma neno kwamba akifika nyumbani atachinja mbuzi kwa ajili ya nthoni aliyoivunja, na kwamba mtu asimwulize lolote.

Karambu alikuja kesho yake. Hakuwa zamu, alikuwa amevaa gauni la kanisani. Alisimama miguuni pa kitanda akamtazama mtoto akinyonya, akauliza anaendeleaje. Teresia akafungua mdomo.

"Namwuliza Mukami," akasema Karambu.

"Anaendelea vizuri," nikasema.

Akaendelea kusimama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba. "Ulijuaje ametanguliza mguu?"

"Sikujua mguu. Nilijua kichwa kilipo. Nilikuambia mwezi wa nane."

"Uliniambia," akasema.

"Nikakuambia uweke godoro chini. Jana uliliweka. Ilikuchukua muda gani?"

 Akafunika uso kwa ule mkono uliovimba akaanza kulia, mabega yakimcheza. Teresia akanikonyeza nimwambie si kitu, yamepita, tumshukuru Mungu. Na ni kweli kwamba mkono ule ndio uliomwokoa mwanangu. Nitaushukuru mpaka nife.

Lakini sikumwambia si kitu. Nilimwacha alie, nikamgeuzia mtoto ziwa la pili.