Mwenyekiti wa Malalamiko

Wahudumu wa migahawa ya Dar es Salaam walimjua Haiderali kabla hajavuta kiti. Chai yake ilirudishwa jikoni kwa kuwa moto mno, ikarudishwa tena kwa kuwa imepoa, na mwisho aliinywa yote huku akiuliza meneja yuko wapi. Mkewe, Mehrunissa, kwa miaka yote waliyoishi pamoja pale Kawe, alishajifunza namna ya kukaa meza moja na mtu wa aina hiyo: unatazama barabarani, unafungua pochi, unatafuta kitu ambacho unajua hakimo.

Kwa hiyo mtoto wao Mehdi alipowakatia tiketi za meli ya kitalii, zawadi ya ndoa yao kutimiza miaka thelathini na mitano, Mehrunissa alimshukuru mwanawe, akambusu kwenye paji la uso, na moyoni akawahurumia mabaharia.

"Wiki nzima baharini, Mama," Mehdi alisema. "Unguja, Pemba, Komoro, mnarudi. Hoteli ya nyota tano inayoelea. Wewe kazi yako kula na kulala tu."

"Na kazi ya baba yako?"

Mehdi akacheka. Mehrunissa hakucheka.

Meli iliitwa *Marijani*. Ilikuwa imepakwa rangi nyeupe juu ya kutu, na kutu ilikuwa imeshaanza kuchungulia. Chumba chao kilikuwa sitaha ya chini. Waliahidiwa dirisha la bahari, na dirisha lilikuwepo kweli, ila nje yake ilining'inia boti ya uokoaji ya rangi ya chungwa iliyoziba bahari yote. Bwawa la kuogelea lilifunikwa wavu, na juu ya wavu vikapangwa viti vya plastiki. Katika ukumbi wa chakula palikuwa na kibao kilichoandikwa HALALI, na Mehrunissa kwa macho yake alimwona mpishi akikiondoa kwenye sinia la kuku lililokwisha na kukisimika mbele ya soseji ambazo hazikuwa na mnunuzi. Koleo la kupakulia lilikuwa moja, linatembea masinia yote. Tangu hapo yeye na mumewe walikula mayai, samaki na mkate.

Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, Haiderali alikuwa na haki ya kulalamika, na jambo hilo lilimpa afya. Aliamka mapema. Alinyoa ndevu. Alishuka na kupanda ngazi kumtafuta Editha, meneja wa huduma kwa wageni, dada mrefu mwenye skafu shingoni na tabasamu lisilozimika hata umeme ukikatika.

"Tunasikitika sana kwa usumbufu, mzee wangu," Editha alisema kuhusu dirisha.

"Tunasikitika sana kwa usumbufu," alisema kuhusu bwawa, kuhusu koleo, kuhusu spika za pale juu zilizokuwa zikipiga singeli tangu alfajiri, watu hawajamaliza hata kuswali.

Mehrunissa alimtazama dada yule akawaza: huyu hasikitiki. Huyu amefundishwa sentensi moja, na mshahara wake wote umo ndani ya sentensi hiyo.

Chumba cha jirani walikaa Somoe, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Chamazi, na mama yake, Bi Mwanakombo. Bi kizee alikuwa na kisukari na ulimi mkali. Mehrunissa alizoeana nao siku ile ile ya kwanza, kwa sababu alikuwa amebeba majani ya chai yake mwenyewe na iliki, na ile ya melini ilikuwa maji yaliyopita karibu na majani. Jioni wakakaa pamoja kwenye kilichoitwa Usiku wa Mswahili. Wasichana walitoka kucheza, khanga wamezivaa maandishi juu chini, na wali wa rangi ya kahawia ukaletwa kwa shangwe.

Bi Mwanakombo alionja, akaweka kijiko chini.

"Hili si pilau," alisema. "Huu ni wali umesingiziwa."

Mehrunissa alicheka mpaka dupatta, mtandio wake, ikamwanguka begani. Hakuwa amecheka hivyo siku nyingi.

Asubuhi walipokwisha kuiacha Pemba, vyoo vya sitaha ya chini vilinyamaza. Mtu alibonyeza kitufe, akasikia mkoromo wa mbali, basi. Kilichokuwemo kikabaki kilivyo. Kufikia saa nne harufu ilikuwa imeshajaa korido nzima, na watu walisimama milangoni wameziba pua kwa mitandio na mashati. Editha alipita kwa haraka akisema mafundi wanalijua tatizo, na kwamba vyoo vya sitaha ya juu navyo ni vibovu, kwa hiyo hakuna haja ya mtu kujisumbua kupanda.

Sasa, Haiderali alikuwa na duka kubwa Temeke, na alichouza dukani humo kilikuwa masinki, mabomba na vyoo. Ungesema alizaliwa kwa ajili ya asubuhi ile.

Abiria walikusanyika ukumbi wa chakula. Mzee Kondo, mwalimu mstaafu, alipendekeza kuwe na kamati, na kamati iwe na mwenyekiti. Kabla hajamaliza, Haiderali alikuwa ameshapanda juu ya kiti.

"Ndugu zangu! Mie nauza vyoo tangu sina mvi. Tajiri ananunua, maskini ananunua, mchungaji ananunua, shehe ananunua. Choo si anasa! Wametuuzia nyota tano, na humu ndani kuna wazee, kuna wajawazito, kuna watoto. Mie sishuki hapa mpaka nahodha aniambie mama yule," akanyoosha kidole kwa Bi Mwanakombo, "atajisaidia wapi!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Somoe alipiga kigelegele. Mehrunissa, aliyekuwa ameshafungua pochi yake kwa mazoea, aliifunga. Alimtazama mumewe pale juu, jasho linamtiririka, sauti haitetemeki, akahisi kitu kikimpanda kifuani ambacho hakukitambua mara moja. Alikuwa anajivunia mumewe. Labda, aliwaza, ile miaka yote ya chai kurudishwa jikoni alikuwa anafanya mazoezi ya siku hii.

Haiderali akachaguliwa bila kupingwa, akaongozana na Editha kwenda kuonana na wakubwa. Watu wakasubiri. Wakala chakula cha mchana, ambacho wengi walikigusa tu, maana kula kulikuwa na matokeo yake. Wakasubiri tena.

Alasiri spika zikakohoa. Ikasikika sauti tamu ya Editha:

"Wapendwa wasafiri, kufuatia mazungumzo mazuri na mwenyekiti wa kamati yenu, tunafurahi kuwajulisha kwamba hitilafu ndogo iliyojitokeza imedhibitiwa, na kwamba wasafiri wameridhika na hatua zinazochukuliwa. Tunasikitika kwa usumbufu."

Watu walitazamana. Mmoja alikimbia kujaribu choo, akarudi akitikisa kichwa. Mzee Kondo alimgeukia Mehrunissa, na kwa adabu ya mwalimu akauliza, "Shemeji, nani ameridhika?"

Mehrunissa aliinuka. Alikwenda chumbani, na huko akamkuta mumewe anakunja nguo, ananukia manukato mageni.

"Mehru, funga mizigo! Tunahamia juu. Chumba kina sebule, kina balkoni. Bafu lina beseni la kuogea la kulala kabisa, mabomba ya kutoka Italia, nimeyagusa mwenyewe. Na choo kinavuta! Ukibonyeza tu, fyuu!"

"Tunahamia akina nani?"

"Sie. Mie na wewe."

"Na Bi Mwanakombo?"

"Hao wanashughulikiwa. Tukifika Komoro mafundi wataingia."

"Tangazo limesema watu wameridhika."

"Mama Mehdi, haya mambo ni diplomasia. Mwenyekiti hawezi kujadiliana huku anaumwa tumbo. Kwanza ninyanyuke mie, halafu nitawanyanyua wengine."

Mehrunissa alimtazama yule mtu wa juu ya kiti, sasa ameshika soksi. Alidhani ameshazoea kumwonea aibu, lakini hii ilikuwa aibu ya namna nyingine. Zamani alikuwa mlalamishi asiye na bei. Kumbe bei alikuwa nayo siku zote, ila hakuna aliyewahi kumuuliza, na alipoulizwa akajiuza kwa beseni.

Alifunga mizigo. Haiderali akafurahi, alidhani mkewe ameelewa.

Huko juu zulia lilimeza nyayo. Mezani palikuwa na bakuli la zabibu na kadi mbili za kufungulia mlango. Haiderali alivaa joho jeupe la taulo lililoshonwa jina la meli kifuani, akaenda balkoni na bakuli lake, akanyoosha miguu. Mehrunissa aliingia bafuni, akabonyeza kitufe, akasikiliza. Fyuu. Akachukua kadi moja, akatoka.

Bi Mwanakombo alikuwa amekaa kwenye kiti koridoni, magoti ameyabana, midomo imekauka.

"Shikamoo mama. Unajisikiaje?"

"Marahaba. Tangu asubuhi sijanywa hata maji, mwanangu," bi kizee alisema. Ukali wote ulikuwa umemtoka. "Nikinywa nitakwenda wapi?"

Somoe, aliyesimama nyuma yake, alikuwa analia kwa hasira. "Anatakiwa anywe maji, dada Mehru. Na ugonjwa huu! Nimempigia magoti Editha, ananiambia anasikitika."

"Inuka mama," Mehrunissa alisema. "Nishike mkono. Somoe, waite na wengine. Waambie waje na kanzu zao, waje na khanga zao, waje na watoto. Kina mama wajawazito watangulie."

Msafara ukapanda ngazi taratibu, kwa mwendo wa Bi Mwanakombo. Mehrunissa aligusisha kadi mlangoni, akawapitisha sebuleni mmoja mmoja. Mlango wa bafu ukafungwa. Fyuu. Bi Mwanakombo alitoka uso umefunguka, akaketi kwenye kochi la ngozi, akaomba maji, akanywa glasi nzima, akaongezewa.

Haiderali aligeuka akakuta sebule imejaa wanawake, na foleni imetoka mlangoni mpaka koridoni. Akasimama, joho wazi kifuani, zabibu mkononi.

"Mehru! Hawa ni nani?"

"Wapiga kura wako, Mwenyekiti."

"Lakini... hiki ni chumba chetu!"

"Ndiyo maana nimewakaribisha. Funga joho, kuna mama za watu hapa."

Akalifunga. Hakuna aliyemtukana, na pengine angependa wamtukane ili apate la kujibu. Walimwamkia tu, "Shikamoo mzee," wakapita zao. Mzee Kondo naye alifika, akasimama mwisho wa foleni na taulo lake begani. Zamu yake ilipokaribia alimtazama Haiderali toka kichwani mpaka kwenye ndala nyeupe za meli. "Mwenyekiti," alisema kwa upole, "pumzika tu. Kamati tumeshampa mtu mwingine."

Wenye vyumba vya jirani ndio walioanza kulalamika sasa: kelele, watoto, foleni mlangoni kwao. Malalamiko ya wale yalikuwa na miguu myepesi, maana Editha alifika mara moja.

"Mama yangu, samahani, sitaha hii ni ya wageni maalumu."

"Hawa ndio wageni maalumu. Ni wageni wangu. Mmekataza mtu kutembelewa?"

"Hapana, mama, ila... tunasikitika kwa usumbufu..."

"Usisikitike," Mehrunissa alisema. "Leta karatasi za chooni. Hizi zinakwisha."

Kwa mara ya kwanza tabasamu la Editha lilizimika, na chini yake palikuwa na msichana aliyechoka. Aligeuka, akaondoka. Karatasi zililetwa. Na kabla ya magharibi vyoo vyote vya sitaha ya juu, vile vilivyosemwa asubuhi kuwa ni vibovu, vilifunguliwa kwa abiria wote. Vilikuwa vizima kabisa. Vilikuwa vinang'aa.

Siku zilizobaki Mehrunissa alilala chini, kwenye chumba chenye boti dirishani. Komoro mafundi waliingia, vyoo vikakoroma, vikafanya kazi. Haiderali alibaki kule juu, peke yake katika beseni lake, mpaka Dar es Salaam.

Jumapili iliyofuata nyumba ya Kawe ilijaa ndugu. Mdogo wake Haiderali, aitwaye Askari, alikuja na mkewe Rabab, na Mehdi alileta keki. Kila mtu alitaka habari za safari. Mehrunissa alikuwa anaingia na sinia la kababu aliposikia mumewe anasimulia.

"...hali mbaya, watu wanateseka. Nikawaambia, njooni wote chumbani kwangu! Chumba changu ni chenu! Foleni mpaka koridoni. Bi kizee mmoja ana sukari, nikamkalisha kwenye kochi, nikampa maji kwa mkono wangu."

"Mashallah, bhai," Askari alimwambia kaka yake.

Mehrunissa aliweka sinia mezani. "Ulikuwa balkoni," alisema, "unakula zabibu."

Rabab aliziba mdomo kwa dupatta. Haiderali akacheka kicheko kifupi. "Mehru, lete chai."

"Chai imo kwenye chupa, jimiminie." Akavuta kiti, akaketi kati yao, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wageni wakiwepo. Akaeleza yote tangu mwanzo: kibao cha halali, vyoo, tangazo, joho, kadi ya mlango. Hakupaza sauti na hakuongeza chumvi. Haikuhitaji chumvi. Alipomaliza, Mehdi alikuwa anatazama sakafu, na keki hakuna aliyeikata.

Wageni walipokwisha kuondoka, Haiderali alibaki amekaa pale pale.

"Ulilazimika kunidhalilisha mbele ya mdogo wangu?"

Mehrunissa alikuwa anakusanya visahani. "Kuna kitu nilisahau kuwaambia," alisema. "Uliposimama juu ya kiti, nilikupigia makofi. Mikono iliniuma. Kwa saa nzima nilijiona nimeolewa na mwanamume."

Haiderali alifungua mdomo. Mtu ambaye hajawahi kukosa la kulalamika alitafuta, akakosa.

Mehrunissa alipeleka visahani jikoni, akanawa mikono, akampigia simu Somoe kule Chamazi kumuuliza sukari ya mama imeshindaje.